Shuka la Dymphna na Upepo wa Mashariki

Pale kijijini kwetu Vlierdonk hakuna kizingiti kilichong'arishwa kama cha Dymphna van Gerwen, na ukitaka ugomvi, mwambie kuna cha mwenzake kinachokikaribia. Alikuwa mjane wa fundi wa mapaa, miaka sitini ameshaiacha nyuma, mgongo bado umenyooka. Kila Jumatatu, majirani hawajavuta hata mapazia, yeye ameshafua. Na si kufua kwa kubonyeza mashine ukaenda zako kunywa kahawa, hapana. Mashuka aliyaloweka, akayachemsha, akayapiga pasi mpaka pembe zikabusiana. Watu walisema ukitaka kujua weupe ni nini, kaiangalie kamba ya Dymphna. Yeye aliwasikia, akajifanya hasikii, na moyoni alikuwa anaogelea katika furaha.

Sasa, mashariki ya kijiji, ukishavuka mashamba ya mboga za asparaga, kuna mabanda ya nguruwe ya Nol Verbakel. Upepo ukitoka magharibi, huwezi hata kujua kwamba Nol anafuga paka. Lakini ukigeuka ukaja kutoka mashariki, lo! Harufu inakuingia puani, inaingia kwenye mkate, usiku inapanda kitandani inalala nawe. Na bado humsikii mtu wa Vlierdonk akilisema jambo hilo. Atafunga dirisha taratibu kana kwamba amehisi baridi, halafu ataendelea na habari za bendi yetu ya matarumbeta. Ndivyo tulivyo, tunakufa na tai shingoni.

Nol mwenyewe si mtu mbaya, msije mkamfikiria vingine. Alisoma darasa moja na Dymphna, na siku ya kumzika mumewe alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Samadi yake ndiyo inayonenepesha asparaga za wakulima wenzake. Wafanyakazi wake ndio waliofanya duka la kijiji lisifunge milango. Lakini mwaka ule alitaka kujenga banda jingine, kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, na halmashauri ikamwambia: ngoja kwanza, tupime.

Aliyeletwa kupima alikuwa mchumi, binti wa kaskazini aitwaye Wietske Hoekstra, mrefu, mpole wa sauti, mwenye baiskeli kuukuu. Alipita nyumba kwa nyumba, na kwa Dymphna akakaribishwa jikoni kwa kahawa na biskuti moja. Moja tu, kisha kopo likafungwa, kama kawaida.

"Bibi van Gerwen," akasema Wietske, "Nol akiuza nguruwe, mnunuzi amelipa, Nol amepokea, wote wawili wameridhika. Lakini yupo mtu wa tatu, hakuuza wala hakununua, na kuna kitu cha ile biashara kinamwangukia. Pengine kizuri, pengine kibaya. Kazi yangu ni kukipima hicho."

"Ukishakipima?"

"Kikiwa kibaya na kikubwa, Nol ataweka mitambo ya kusafisha hewa kwenye mabanda yote, ya zamani na hilo jipya. Ni ghali kwelikweli. Kikionekana si kitu, anajenga bila mtambo." Binti akageuza kikombe chake polepole. "Sasa niambie, hiyo harufu inakuzuia kufanya nini?"

"Harufu gani?" akasema Dymphna.

"Upepo ukitoka mashariki."

"Aa, hiyo. Huku ni shamba, binti yangu, tumeshazoea."

"Nguo unaanika wapi?"

"Nje! Kwani wewe unaanika wapi, kanisani?"

Wietske akacheka, akashukuru kwa kahawa, akaenda zake. Dymphna akabaki ameshika kopo la biskuti, uso unamwaka moto, kwa sababu lile jibu lilikuwa uongo mtupu. Upepo wa mashariki ukivuma, nguo zake zilikauka darini, chini ya vigae, zikining'inia gizani kwenye kamba alizozifunga mwenyewe. Mashuka meupe yaliyosifiwa kanisani yalitoka nje siku za magharibi tu. Na siku hizo zikichelewa, alikuwa anayatoa kwa muda mfupi yaonekane, kisha anayarudisha ndani mbio. Angemwambia nini mgeni? Kwamba mashuka ya Dymphna van Gerwen yananuka nguruwe? Bora ardhi ipasuke immeze.

Na bado hapakuwa na mtu Vlierdonk nzima aliyeitaka ile mitambo kama yeye. Bintiye, Jacomijn, alikuwa mjamzito, anaishi na mumewe mjini kwenye vyumba viwili vya kupanga. Nyumba ya Dymphna ilikuwa kubwa, nusu yake tupu tangu mzee alipofariki. Ile nusu alikuwa ameshaipaka rangi, ameshaweka na kitanda cha mtoto. Lakini Jacomijn alikuwa amemwambia bila kuzunguka: "Mama, natamani kuja, Mungu anajua. Ila mwanangu hawezi kukaa kiangazi kizima madirisha yamefungwa. Harufu ikipungua, tunakuja. Isipopungua, tunanunua nyumba mjini, na usinililie."

Dymphna alijipa moyo. Binti wa kaskazini alikuwa amesema kwamba baada ya maswali watakuja wanusaji. Hiyo ni kazi ya watu, msicheke. Huchaguliwa wenye pua za wastani, si kali mno wala si butu. Wanasimamishwa hapa na pale kijijini, wananusa, wanaandika walichonusa. Basi na waje, Dymphna akawaza. Watanusa wenyewe, nami sitalazimika kufungua mdomo.

Siku yao ya kuja ilitakiwa iwe siri. Lakini siri ya halmashauri kwetu haivuki kahawa ya saa nne asubuhi. Gonny, binamu yake Dymphna, anafanya kazi pale mapokezi, na siku moja akapiga simu. "Dymph, keshokutwa. Wageni sita. Sijakwambia kitu."

Wageni sita! Hilo neno, wageni, lilimwingia Dymphna mpaka kwenye mifupa. Nawaambieni ukweli, akili ilimhama papo hapo. Nguruwe, mitambo, kitanda cha mtoto, hakukumbuka hata kimoja. Alichokumbuka ni kwamba watu kutoka nje watakuja kuitazama Vlierdonk, na barabara ya kanisani ilikuwa na matope ya trekta.

Kufikia jioni alikuwa ameshagonga kila mlango. "Sjaan, hivyo vizingiti vyako ni aibu, toa ndoo! Harrie, wewe na mikono yako miwili mizima, unangoja nini?" Watu walinung'unika, lakini walitoka. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa magotini, kinasugua kwa sabuni ya kijani, ile ya zamani yenye harufu ya msonobari. Mapipa ya taka yakaoshwa ndani na nje. Alfajiri ya siku yenyewe wanawake waliwasha majiko wakaoka vlaai, yale mapai yetu ya cheri, maana mgeni hawezi kuondoka Vlierdonk bila kuonja. Hata Nol naye akafagia ua wake mpaka barabarani, akawaambia vijana wake wasikoroge mashimo ya samadi wiki ile, maana yakikorogwa ndipo harufu inapopaa. Si kwamba alitaka kumdanganya mtu. "Na mimi nina wageni," alisema. "Mnataka nionekane mchafu peke yangu?"

Wanusaji wakaja, wakasimama, wakanusa, wakaandika. Upepo ulikuwa wa mashariki, ila dhaifu. Wakapewa vlaai, wakaaga.

Mkutano wa matokeo ulifanyika ukumbini, na watu walijaa mpaka ukutani. Jacomijn alikuja kutoka mjini na tumbo lake, akaketi nyuma karibu na mlango. Wietske akatundika ramani ya kijiji, yenye vidoti vingi mahali wanusaji waliposimama.

"Harufu ya nguruwe," akasema, "wameipata kwenye vidoti viwili, tena hafifu. Kwingine kote wameandika sabuni, kahawa, na cheri zilizookwa."

Ukumbi ukalipuka makofi! Watu wakapigana mabegani. Na aliyeanza kupiga makofi, Mungu amsamehe, alikuwa Dymphna mwenyewe, mbele kabisa, kifua kimemjaa. Sabuni na cheri! Waende wakaisome hiyo huko makao makuu!

Wietske akangoja makofi yaishe. "Nimeuliza pia nyumba zote. Hakuna hata moja iliyosema inasumbuliwa, na wote mnaanika nguo nje. Kwa hiyo gharama inayowaangukia ninyi, kwa vipimo nilivyonavyo, ni sifuri. Upande wa faida kuna samadi kwa wakulima na kuna duka lenu. Kikao kijacho meya atatoa uamuzi, na kwa hesabu hii banda jipya halihitaji mtambo."

Nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Jacomijn alikuwa amesimama, anavaa koti. Dymphna akajipenyeza katikati ya watu, akamkuta nje anahangaika na kufuli la baiskeli.

"Jacomijn, ngoja."

"Umepiga makofi, Mama."

"Nilikuwa..."

"Wewe ndiye uliyeanza! Nimekuona kwa macho yangu." Akalivuta kufuli kwa nguvu. "Umesugua kijiji kizima ili mimi nisije. Unajua hilo?"

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Niseme vipi? Nyumba ya mjini tunakwenda kuiangalia Jumamosi."

Akapanda baiskeli kwenda kituo cha treni, tumbo na hasira zikiwa mbele. Dymphna akabaki amesimama kwenye barabara aliyoisugua kwa mikono yake, inang'aa mpaka inachukiza, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani ingekuwa chafu.

Wietske alikuja nyuma yake amebeba ramani imekunjwa. "Bibi van Gerwen, naweza kukwambia kitu? Mimi nina pua kama mtu yeyote. Nilipokuja mara ya kwanza niliendesha baiskeli huku nimeziba pua. Lakini siwezi kuandika pua yangu. Gharama ninayoipima ni ya mtu mwenyewe, na mwenyewe akikataa kwamba ni yake, sina pa kuishikia."

"Ingekuwa wewe," Dymphna akauliza, "ungeshikia wapi?"

"Kwenye kitu ambacho watu wanakijua bila kuambiwa," akasema binti, akaaga.

Dymphna hakulala vizuri siku zile, wala hakuoka. Ndipo ikafika Alhamisi. Upepo ukageuka mashariki asubuhi mapema, na safari hii haukuwa na adabu hata kidogo. Wageni wa Nol walikuwa wameshaondoka, mashimo yalikuwa yanakorogwa. Dymphna alifungua kabati la chumbani akatoa shuka la harusi yake, la kitani, lenye herufi zake na za marehemu alizozitarizi mwenyewe akiwa msichana. Akalifua, akalichemsha. Kisha akalibeba mpaka uani, na mbele ya macho ya kijiji akalianika kwa vibanio.

Alhamisi! Si Jumatatu! Na kwenye mashariki! Mapazia yalitikisika barabara nzima. Sjaan alikuja mbio na aproni yake. "Dymph, una homa? Upepo huuoni?"

"Nauona."

"Basi litoe, mwanamke wewe! Litanuka!"

"Aa, kumbe litanuka?" akasema Dymphna akimtazama usoni. "Sijawahi kukusikia ukisema hivyo, Sjaan. Hata juzi hukumwambia yule binti."

Sjaan akageuka, akarudi kwake. Shuka likakaa pale kutwa.

Siku ya uamuzi Dymphna aliingia ukumbini amelibeba mikononi, limekunjwa pembe kwa pembe. Nol alikuwa mstari wa mbele amevaa suti ya harusi za watu. Meya akamkaribisha atakayesema, na Dymphna akasimama. Shingo haikuinama.

"Mnalijua shuka hili," akasema. "Wengine mlikuwepo nilipoolewa. Limefuliwa na mimi, kwa mikono hii. Kuna mtu hapa anayesema Dymphna hajui kufua?"

Nani angethubutu?

"Vizuri. Sasa nuseni."

Akampa Sjaan. Sjaan akalipeleka puani, akageuza uso, akampa Harrie. Likaenda mstari kwa mstari, na kila lilipofika watu waliinamisha vichwa kama walio kanisani. Halafu Harrie, yule mvivu wa ndoo, akasema: "Mashati yangu yanakauka darini. Mke wangu aliniambia nisimwambie mtu."

"Na kwangu," akasema mwingine.

"Kwangu dari imeota ukungu, nimeipaka rangi mara ngapi mimi!"

"Na sisi tulidhani ni sisi peke yetu," akasema Sjaan, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Dymph, kila Jumatatu nilikuwa naiangalia kamba yako, najisemea, Dymphna anaweza, kwa nini mimi siwezi?"

"Kumbe hata Dymphna hawezi!" akapaza mtu, na ukumbi ukacheka. Dymphna naye akacheka, na ajabu ni kwamba hakupungukiwa na kitu. Wietske alikuwa ameshatoa kalamu, anauliza huku na huku, nani ana mashine ya kukaushia, umeme kiasi gani, nani alipaka rangi, nani alihama. Kila aliyeulizwa alijibu kwa kinywa kipana, tena kwa mashindano, maana tukishaanza sisi hatupendi kushindwa hata kwa ukungu.

Mwishowe shuka likamfikia Nol. Alilishika muda mrefu bila kulipeleka puani, kidole chake kikiwa juu ya zile herufi zilizotariziwa. Kisha akanusa, na uso wake mpana ukaiva.

"Meya," akasema, "usiamue leo. Nipe wiki." Akamgeukia Dymphna. "Na wewe, niazime hili shuka."

"La nini?"

"Nimelichafua, nitalifua."

Watu walimcheka njia nzima. Nol Verbakel, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufua soksi!

Siku zikapita. Kisha jioni moja akaingia kwa Dymphna kupitia mlango wa nyuma, kama tunavyoingia sote, shuka likiwa kwenye mfuko. Akaketi jikoni bila kuvua koti, kama mtu aliyepigwa.

"Nimelifua mara tatu, Dymph," akasema. "Sabuni ya kijani, sabuni ya unga, na siki juu. Nikinusa, bado. Mwanangu akinusa, bado. Sasa nakuuliza, na usinicheke, mnafanyaje ninyi?"

Dymphna akalinusa, akakunja pua. "Umelianika wapi?"

"Nyumbani. Nyuma ya banda."

Dymphna akamtazama. Nol naye akamtazama. Halafu yule mwanamke akacheka mpaka akashika meza, mpaka machozi yakamtoka, na Nol akakaa anaona aibu, kisha naye kicheko kikamshinda.

"Mara tatu!" akasema Dymphna akifuta macho. "Nyuma ya banda! Mtu mzima!"

"Cheka tu." Nol akashusha pumzi. "Nimeshaongea na yule binti. Nimemwambia aandike yote, dari zenu, rangi zenu, umeme wenu, ayaweke upande wangu. Mitambo naweka kwenye mabanda ya zamani kwanza, ndipo nijenge jipya. Litanichukua muda mrefu zaidi, na litanitoa jasho. Lakini sitaki nisemwe kwamba Nol Verbakel ametajirika kwa kufulisha majirani zake mara mbili." Akagonga meza kwa kidole. "Ila na mazuri yangu yaandikwe! Duka, samadi, yote. Mimi si mtu wa harufu tu."

"Yataandikwa," akasema Dymphna. "Nitasimama mwenyewe niyaseme." Akafungua kopo, akampa biskuti. Akafikiri kidogo, akampa na ya pili, na hilo Vlierdonk si jambo dogo.

Ile nyumba ya mjini hawakuinunua. Jacomijn na mumewe walihamia kwa Dymphna majani yakianza kuchipua, mtoto akiwa wa kike, mnene, mwenye sauti ya tarumbeta. Jacomijn alikuwa ameng'ang'ania nepi za kitambaa, na bibi mtu hakubisha, ndiyo kwanza alipata sababu ya kufua kila siku. Mitambo ilikuwa inavuma kule mashariki. Asubuhi moja upepo ukageuka ukatoka huko huko, na Dymphna akatoka na kapu, akaanika nepi, mashuka, aproni, mpaka fulana za ndani alizokuwa hajawahi kumwonyesha mtu. Barabara nzima ilikuwa imeanika. Darini hakukuwa na kitu.

Nol alipita na baiskeli, taratibu kupita kiasi, pua imeinuliwa, anajionyesha. Ghafla akafunga breki.

"Subiri kwanza," akasema kwa ukali. "Kuna kitu kinanuka hapa. Na safari hii si mimi, naapa!"

Dymphna akageuka akaiona ndoo ya nepi chafu pale mlangoni, haina kifuniko, na mjukuu wake juu ya bega la Jacomijn, anatabasamu.

"Si wewe," akasema, kifua kimemjaa kama siku ile ya makofi. "Hiyo ni yetu wenyewe, Nol. Pita zako."